Asiyekuwapo na Lake Halipo: Jinsi Pesa za Kaunti Zinavyopangwa na Mahali Sauti Yako Inapoingia

Masika yakianza, malalamiko katika miji yetu midogo ya pwani hufanana. Mtaro umeziba na maji yameingia nyumbani. Barabara ya kuelekea zahanati haipitiki hata kwa bodaboda. Taa ya mtaani iliungua tangu kaskazi iliyopita na hakuna aliyekuja kuitazama. Barazani tunaambizana kwamba serikali imetusahau, kisha kahawa inamalizika na kila mtu anarudi kwake.

Sikatai kwamba ziko ahadi nyingi zilizosahauliwa. Lakini kwa miaka kadhaa nimekuwa nikihudhuria vikao vya bajeti katika kaunti yangu, nikiwa mkaazi wa kawaida asiye na cheo, na nimeona jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Mara nyingi mtaa hukosa mradi si kwa sababu uliomba ukakataliwa. Hukosa kwa sababu haukuomba mahali panapotakiwa, kwa wakati unaotakiwa. Mitaa inayopata ni ile yenye watu watano au sita wanaojua tarehe.

Makala haya hayamtetei gavana wala hayampigii debe mwakilishi wa wadi yeyote. Nataka kueleza njia ambayo shilingi ya kaunti hupita, na vituo ambapo mkaazi anaruhusiwa na sheria kuisimamisha na kusema lake.

Nani anashika nini

Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, mabaraza ya miji na manispaa tuliyoyazoea yaliondoka na kazi zake nyingi zikaingia kwa serikali za kaunti. Sisi wa pwani tuna kaunti 6, zenye wadi 130 kwa jumla: Kilifi 35, Mombasa 30, Kwale 20, Taita Taveta 20, Tana River 15 na Lamu 10. Kila wadi ina mwakilishi wake katika bunge la kaunti.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 ndilo linalogawa kazi. Kaunti imepewa zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, ambulansi, uzoaji taka, barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, masoko, maji na usafi, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, makaburi, zimamoto, pamoja na kilimo, ambacho ndani yake mna uvuvi. Serikali kuu imebaki na polisi, shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu, barabara kuu kama ile ya Mombasa kwenda Malindi, na bandari kubwa zilizo chini ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Hatimiliki ya ardhi nayo hutolewa na wizara ya ardhi, ingawa mipango ya mji na upimaji viwanja ni kazi za kaunti.

Ukichanganya hapa utazungushwa mpaka uchoke. Nimeona wazee wakienda kwa chifu kuhusu mtaro. Chifu na naibu wake ni watu wa serikali kuu, na hawana bajeti ya mitaro. Mtu wa kaunti aliye karibu nawe ni msimamizi wa wadi, ambaye wengi hawajui hata ofisi yake iko wapi. Vivyo hivyo, nimemsikia mwakilishi wa wadi akiahidi kituo cha polisi. Hana uwezo huo, na anayemshangilia kwa ahadi hiyo anajidanganya.

Kwa wanaoishi katika mji wenyewe kuna jambo la ziada. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, baada ya kurekebishwa 2019, inasema eneo lenye wakaazi wasiopungua 50,000 linaweza kufanywa manispaa, lenye 10,000 linaweza kuwa mji, na lenye 2,000 kituo cha soko. Manispaa ina bodi yake. Sheria hiyo hiyo inawapa wakaazi wa manispaa na miji haki ya kukutana na kutoa mapendekezo kuhusu huduma na bajeti za mahali pao. Kama mji wenu ni manispaa na hujawahi kusikia bodi ikiita kikao cha wakaazi, una haki ya kuuliza kwa nini.

Mwaka wa serikali una misimu yake

Mvuvi hauliziwi kwa nini hakwenda mkondo wa nje katikati ya kusi. Anajua upepo una wakati wake. Bajeti nayo ni hivyo. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe ambazo kaunti inapaswa kuzifuata.

Kituo cha kwanza ni Septemba 1. Kufikia siku hiyo, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unatakiwa uwe umefika katika bunge la kaunti. Humo ndimo miradi inapotajwa kwa majina: barabara gani, kisima gani, zahanati gani. Mpango huu nao hutoka katika mpango mkubwa wa miaka mitano, ambao wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakataza pesa za umma kutengwa nje ya mipango hiyo.

Kituo cha pili ni Februari 28. Hapo hazina ya kaunti huwasilisha karatasi ya mikakati ya kifedha, ambayo huweka kiwango cha juu cha pesa kwa kila idara. Afya itapata kiasi gani, barabara kiasi gani, maji kiasi gani. Bunge la kaunti lina siku 14 tu kuijadili. Sheria inaitaka hazina itafute maoni ya umma wakati wa kuiandaa karatasi hiyo.

Kituo cha tatu ni Aprili 30, makadirio ya bajeti yenyewe yanapofikishwa bungeni. Kamati ya bajeti huyapitia, na ni lazima izingatie maoni ya wananchi. Bajeti hupitishwa kufikia Juni 30. Baada ya hapo, ndani ya siku 90, bunge hupitisha Mswada wa Fedha, ule unaopanga ada za soko, leseni za biashara na maegesho. Mama muuza samaki na mwenye duka wanaolalamika kuhusu ada mpya, mswada wao ni huu.

Sasa tazama tatizo liko wapi. Vikao vingi tunavyoviona vikitangazwa kwa vipaza sauti ni vya Mei, wakati makadirio yako bungeni. Watu wanajitokeza na kuomba barabara mpya. Lakini Mei miradi ilishaorodheshwa tangu Septemba iliyopita, na kila idara ilishawekewa kiwango chake tangu Februari. Mei unaweza kuhamisha kitu kidogo au kuzuia kisiondolewe. Kuingiza kitu kipya ni kazi ngumu sana.

Kwa hiyo anayetaka mradi mpya aombe Julai na Agosti, naye ajue kwamba anaomba pesa zitakazoanza kutumika Julai ya mwaka unaofuata. Kwa bahati nzuri, hicho ndicho kipindi ambacho kusi linavuma, vyombo vidogo vimepandishwa ufuoni, na wavuvi wetu wana nafasi ya kukaa na kuzungumza. Februari ni kinyume chake. Bahari imetulia, wanaume wako majini, na kikao kinaitwa saa nne asubuhi siku ya kazi. Hakuna sheria inayowazuia wakaazi kuandika barua kuomba kikao kiwekwe siku na saa ambayo watu wapo. Katika mitaa ya wavuvi ambako watu hawaendi baharini Ijumaa, Ijumaa alasiri inafaa kuliko Jumanne asubuhi.

Zahanati yenye kufuli

Katika wadi jirani na kwetu kulijengwa zahanati. Ilipakwa rangi, ikawekwa bango, picha zikapigwa, kisha ikafungwa kufuli kwa zaidi ya mwaka. Kina mama wajawazito wakawa wanaipita mlangoni wakielekea hospitali ya mbali, mara nyingine usiku, kwa bodaboda. Watu walisema ni ufisadi. Huenda ulikuwapo, huenda haukuwapo. Nilipouliza, jibu nililopewa lilikuwa jepesi zaidi: jengo lilikuwa kwenye bajeti, muuguzi hakuwamo.

Pesa za kaunti ziko mafungu mawili. Fungu moja ni la maendeleo, nalo hujenga na kununua vitu vya kudumu. Fungu la pili ni la matumizi ya kawaida, nalo hulipa mishahara, dawa, stima, mafuta ya ambulansi. Sheria inataka maendeleo yapewe angalau asilimia 30 ya bajeti, katika mpango wa muda wa kati. Yaani katika kila shilingi 100, zisizopungua 30 zijenge. Sehemu kubwa ya zilizobaki ni mishahara.

Sisi wananchi tunapenda kuomba majengo kwa sababu yanaonekana, na wanasiasa wanapenda kuyatoa kwa sababu hiyo hiyo. Lakini jengo bila muuguzi, bila dawa na bila maji ni ukuta tu. Kwa hiyo mtaa unaoomba zahanati uombe mambo matatu kwa pamoja: jengo katika fungu la maendeleo, wauguzi katika fungu la mishahara, na dawa pamoja na stima katika matumizi ya idara ya afya. Swali la kuuliza kikaoni ni hili: "Huyu atakayefanya kazi humu, mshahara wake uko ukurasa gani?" Nimeona maofisa wakifungua makabrasha upya kwa sababu ya swali hilo moja.

Jinsi ya kusikika kikaoni

Kikao cha kawaida huwa hivi. Ofisa anakuja amechelewa, anasoma tarakimu kutoka kwenye kitabu kikubwa kilichoandikwa kwa Kiingereza, halafu anauliza, "Maoni?" Mzee mmoja anasimama, anasimulia shida za tangu uhuru. Mwingine anamsifu kiongozi. Wa tatu anauliza pesa za usafiri. Muda unakwisha, chakula kinaletwa, na kwenye kumbukumbu za kikao kunaandikwa kwamba wananchi waliomba barabara, maji na ajira.

Maneno kama hayo hayawezi kuingia katika bajeti, kwa sababu hayana mahali wala kipimo. Ofisa akitaka kuyasahau, anasahau bila shida. Maandishi mafupi ndiyo yanayomshika. Chukua mfano huu:

"Sisi wakaazi wa mtaa fulani, wadi fulani, tunaomba mtaro wa mita 300 kutoka sokoni hadi ufuoni uwekwe katika Mpango wa Maendeleo wa mwaka ujao, chini ya idara ya barabara. Kila masika maji huingia katika nyumba 40 na kufunga njia ya kwenda zahanati. Eneo ni la umma, hakuna nyumba itakayobomolewa. Tumeambatanisha picha na majina ya wakaazi waliotia sahihi."

Sentensi chache zinatosha. Zina mahali, kipimo, idara, sababu, na zimeshajibu swali la ardhi ambalo huua miradi mingi pwani kabla haijaanza. Toa nakala mbili. Moja waachie, ya pili waigonge muhuri wa kupokea na tarehe, kisha uiweke. Mwakilishi wa wadi apewe nakala yake, na karani wa bunge la kaunti apelekewe nyingine. Kama hamkuweza kufika kikaoni, maoni ya maandishi yana uzito ule ule.

Usikubali kuambiwa kwamba hujui kwa sababu hujui Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ombeni muhtasari wa Kiswahili, hata wa kurasa mbili, uletwe kabla ya kikao. Ombeni tena na tena.

Zaidi ya vikao hivi, kila kaunti inatakiwa iwe na jukwaa la bajeti na uchumi. Gavana ndiye mwenyekiti, mawaziri wa kaunti ni wanachama, na wawakilishi wasio maofisa wa kaunti wanatakiwa wawe sawa kwa idadi na mawaziri hao. Ni watu wanaoteuliwa na mashirika ya wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Ulizeni ni nani anayeketi huko kwa niaba yenu. Huenda ni mtu mnayemjua na hajawahi kuwaambia.

"Si wameshaamua?"

Hili ndilo neno ninaloambiwa kila ninapowaalika watu kikaoni, na si neno la kupuuza. Viko vikao ambavyo ni vya kupiga picha tu. Ziko kaunti ambazo hutangaza kikao leo kwa kesho. Lakini kuna sababu mbili za kwenda hata hivyo.

Ya kwanza ni kwamba mahakama zimeonyesha meno. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ilikuwa sheria nzima, na ada zake zote. Hapa kwetu, Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokuwa ujengwe Lamu, na mojawapo ya sababu kubwa ilikuwa kwamba wakaazi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Leseni hiyo ilitolewa na taasisi ya kitaifa, lakini msingi ni ule ule. Ofisa anayejua kwamba wakaazi wana barua yenye muhuri hufikiri mara mbili.

Sababu ya pili ni ya kawaida zaidi. Kiti chako kikiwa kitupu, hakibaki kitupu. Mtaa mwingine utaleta watu wake na kuchukua nafasi yako. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na sidhani kuna mahali maneno hayo ni ya kweli kuliko kwenye kikao cha bajeti.

Kudai kuona hesabu

Kuna chombo kingine ambacho tunakitumia kidogo mno. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa ofisi ya umma. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika anaruhusiwa kusema, na ofisa analazimika kumwandikia. Huhitaji kueleza kwa nini unataka habari hizo. Kuwasilisha ombi ni bure, ingawa unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala.

Ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Kama habari zinahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ukinyimwa au ukinyamaziwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman.

Kwa hiyo yule anayeuliza barazani kwamba pesa za soko la samaki zilienda wapi, anaweza kuuliza kwa karatasi: mkandarasi ni nani, mkataba ni wa kiasi gani, amelipwa kiasi gani mpaka leo, na kazi ilitakiwa imalizike lini. Maswali hayo manne hufanya kazi kubwa kuliko hotuba ya saa nzima.

Bajeti ikishapitishwa

Mradi kuandikwa si mradi kujengwa, na hapa ndipo wengi hulala. Pesa za kaunti hutoka sehemu mbili kubwa. Kuna mgao kutoka hazina ya kitaifa, ambao Katiba inasema usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24, kaunti zote 47 zilitengewa takriban shilingi bilioni 385. Kisha kuna makusanyo ya kaunti yenyewe, kama leseni na ada. Mgao ukichelewa Nairobi, au makusanyo yakiwa madogo kuliko yaliyokisiwa, miradi huwa ya kwanza kukatwa, kwa sababu mishahara haingoji.

Kukatwa huko hufanyika katika bajeti ya nyongeza, katikati ya mwaka, bila vipaza sauti. Mtaro wenu uliokuwa ukurasa wa 112 unaweza kutoweka humo nanyi bado mnausubiri. Kila mara mkisikia neno "bajeti ya nyongeza", muulizeni mwakilishi wenu siku hiyo hiyo kama mradi wenu bado umo. Vikao vya bunge la kaunti ni vya wazi kwa mujibu wa kifungu cha 196 cha Katiba. Mnaweza kwenda kuketi na kusikiliza.

Msimamizi wa Bajeti, ambaye pesa za kaunti hazitoki bila idhini yake, hutoa ripoti za kila robo mwaka zinazoonyesha kila kaunti imetumia nini kwa maendeleo na nini kwa matumizi ya kawaida. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa ripoti yake baada ya mwaka kwisha. Zote hupatikana mtandaoni bila malipo. Katika kila mtaa kuna kijana mwenye simu na bando. Mpeni kazi hiyo, na awasomee baada ya sala au kwenye kikao cha chama, kwa Kiswahili tunachokielewa.

Nani aanze? Si lazima awe msomi. Kikundi cha usimamizi wa ufuo kinatosha, au chama cha kina mama, kamati ya msikiti au ya kanisa, au wazazi wa chekechea. Watu watano, daftari moja, na tarehe tatu zilizoandikwa kwenye jalada: Septemba 1, Februari 28, Aprili 30. Wiki hii tafuteni ofisi ya msimamizi wa wadi iko wapi, mkaulize ni lini maoni ya Mpango wa Maendeleo wa Mwaka yatakusanywa katika wadi yenu. Akisema hajui, mwambieni aandike kwamba hajui, atie tarehe, na agonge muhuri.